Chenji

Jumapili ndiyo Jumatatu yetu hapa Nizwa.
Saa mbili kasorobo nishafungua Maabara ya Tatu,
kiyoyozi kinapuliza kama chenye ugomvi na mtu,
wasichana wamejitanda shali juu ya abaya,
nami nauliza, kwa Kiingereza changu cha kazini,
nani atanieleza kigeu ni nini.
Kimya. Kompyuta ishirini na nane zinahema.
Kigeu, nawaambia, ni kikopo chenye jina:
leo kina sukari, kesho chumvi, jina ni lile lile.
Wanaandika. Mmoja anaandika: sukari.

Zoezi lilikuwa dogo. Duka, mteja, riali moja;
mashine irudishe kilichobaki.

Usiku nasahihisha, chai ya tangawizi inapoa,
kazi ya thelathini na moja, ya thelathini na mbili,
macho yameingia mchanga,
ndipo nikaliona, kati ya mabano na nukta-mkato:
chenji.
Si baqi. Si neno la kitabuni.
Chenji, herufi sita,
kama jirani wa nyumbani uliyemkuta
kwenye foleni ya ubalozi.
Chini yake: dukani. Chini yake tena: bado_hamsini.
Nikacheka peke yangu.
Kisha nikafungua kazi iliyofuata,
na chenji ilikuwa pale pale, mstari wa kumi na nne,
na kosa lile lile, kama pacha wenye kovu moja.

Mmoja ni Mundhir, Mbarwani;
mama yake hunisalimu kwa Kiswahili arusini, kwa sauti ya juu.
Mwengine ni Musallam, Myaaqubi wa Ibri,
watu wa bara, wasiojua Unguja ni chakula au dawa.
Nilishahukumu kabla sukari haijayeyuka.

Nikawaita ofisini. Mundhir akatangulia:
"Shikamoo, Dokta," laini kama samli,
akaeleza chenji ni nini, dukani ni wapi,
akatabasamu kama tuliokula sahani moja.
Nikamgeukia wa Ibri, kwa Kiarabu, bila tabasamu:
na wewe, neno hili maana yake?
Akatazama ndara zake.
"Sijui maana, Dokta. Ni sauti
anayoitoa Bibi Zuwena, wa duka la Firq,
kila akinirudishia baisa. Nimepanga juu ya duka lake.
Nilidhani ndivyo pesa zinavyolia."

Nikafungua kumbukumbu za seva, zisizo na kabila.
Faili la Musallam: matoleo ishirini na saba,
la kwanza la Jumatano, limevunjika kila mstari,
la pili limevunjika kidogo, na hivyo hivyo, kidogo kidogo.
La Mundhir: toleo moja, saa nane ya usiku,
safi, halina jasho.

Mundhir akapata sifuri.
Simu ya mama yake ikanifika kabla ya adhuhuri:
"Dokta, mtoto wetu huyo."
Wetu, alisema, akaliacha neno likae.
Nami, miaka kumi na moja nafundisha watu
wapime kwanza ndipo waamini,
nikaishika simu kimya,
kwa kuwa lile neno nilikuwa nalo mwenyewe
tangu jana, mfukoni.

Jioni nikapita Firq. Chupa ya maji, paketi ya biskuti.
Bibi Zuwena, miwani imefungwa kwa uzi,
hana mashine; anahesabu kwa kidole juu ya kioo
kilichofunika pipi na betri:
"Mia… mia mbili… na hamsini. Haya, chenji yako."
Njia nzima nilikuwa nimepanga jibu,
hata salamu, hata kumuuliza kwao mtaa gani.
Ulimi ukanitangulia: shukran.

Garini nikafungua kiganja.
Baisa hamsini zimezidi.
Programu ya Musallam isingekosea.
Nikageuza gari.